Nimeenda kuangalia Hadestown London, ile hadithi ya Kigiriki ya kijana aliyemfuata mke wake kuzimu. Siku ya nne leo haijanitoka

Binti wa Ngamiani

Habari zenu wanajamvi. Hili jambo nimekaa nalo toka Jumamosi usiku, nimeona nilishushe hapa labda litaniacha nilale. Ni refu, mwenye shughuli aweke alama atarudi.

Niko Uingereza, Luton, nafanya kea, yaani kazi ya kutunza wazee na wagonjwa. Jumamosi nilikuwa ofu, dada mmoja Mjamaika tunapiga naye shifti alikuwa na tiketi mbili, shoga yake kapata dharura, akanambia badili nguo twende London kuna mchezo wa jukwaani nataka uuone. Mimi michezo ya jukwaani niliyokuwa naijua ni ngonjera na maigizo ya shule, basi. Nikamuuliza unahusu nini, akasema ni hadithi ya Wagiriki wa kale, kijana mwimbaji mke wake kaenda kuzimu akamfuata huko huko kwa miguu. Nikavaa koti.

Unaitwa Hadestown, Hades ndio mfalme wa kuzimu kwa Wagiriki, kwahiyo ni kama kusema Mji wa Kuzimu. Wanauonyesha jumba la Lyric, mtaa wa Shaftesbury Avenue, ukipanda ngazi za stesheni ya Piccadilly Circus unatembea kidogo tu umefika. Jumba lenyewe la toka 1888. Siti zetu zilikuwa juu kabisa ghorofa ya mwisho, pauni 25 kila mmoja, mwinuko mkali mpaka magoti yako yako usawa wa kisogo cha aliyekaa mbele, jukwaa unaliangalia kwa chini kama mtu yuko juu ya mnazi. Nilidhani sitaona kitu. Kumbe kukaa juu ndio uzuri, mtaelewa mbele.

Jukwaa limetengenezwa kama baa ya zamani ya New Orleans, ngazi, kibaraza juu, meza mbili tatu, na bendi iko humo humo jukwaani mbele ya macho yako, hawajafichwa. Kuna mtu wa tromboni, jamani, yule mtu wa tromboni! Sisi tuliokulia kwa baba mwenye kaseti za dansi tunajua mdomo wa bati ukilia vizuri unavyokuingia kifuani. Anaanza yeye, alafu anatoka Hermes ambaye ndio msimulizi, anawaita wenzake na wenzake wanaitika, anaita tena wanaitika tena, alafu anawatambulisha mmoja mmoja, huyu fulani, huyu fulani, wale pale ni akina dada watatu wa majaaliwa, hawa ni wafanyakazi. Nikamwambia dada wa watu huyu mbona ni bibi yangu. Hadithi hadithi, hadithi njoo. Kitu kile kile. Bibi na yeye alikuwa hakuanzii hadithi mpaka uitike, na usipoitika kwa nguvu anakwambia nenda kalale.

Na kama bibi, Hermes anakwambia toka mwanzo kabisa kwamba hii ni hadithi ya huzuni, ni ya zamani, na tunaiimba tena. Yaani mwisho umeshapewa hapo hapo mlangoni. Kumbukeni hili.

Sasa hadithi yenyewe. Orpheus ni kijana masikini, ana gita na sauti, basi. Kazi yake ni kuhudumu meza na kutunga wimbo mmoja ambao haumalizi, anaamini ukikamilika majira yatarudi kuwa sawa, maana dunia imeharibika, ni joto kali au baridi kali, masika hakuna wala vuli hakuna. Sababu ni kwamba Hades na mkewe Persephone wameharibikiwa kwenye ndoa. Persephone anatakiwa akae juu kwetu nusu mwaka ndio mimea inaota, nusu nyingine anashuka kwa mumewe ndio baridi inaingia, sasa mume anakuja kumchukua mapema kila mwaka. Anashuka treni na gauni la kijani na begi la pombe, watu wanacheza, hazijapita siku mwanaume huyo hapo mlangoni.

Eurydice ni msichana wa kuhama hama, kila siku anakimbia njaa. Anakutana na Orpheus, wanapendana, wanaoana bila kitu. Msimu unageuka. Orpheus kajifungia na wimbo wake hasikii upepo hasikii mtu, binti njaa inamkata, kuni hakuna, chakula hakuna, anamwita mwanaume na mwanaume anaimba tu. Hapo ndio Hades anamkuta. Mwanaume mtu mzima, suti, miwani myeusi, sauti nzito ya chini kabisa unaisikia kwenye siti. Anamwambia kwangu kuna kazi, kuna kula, kuna paa. Na wale dada watatu wanamzunguka binti wanamnong'oneza, wewe unataka nini hasa, tumbo lako linasemaje.

Akaenda. Akatia saini.

Wakuu, mimi hapo machozi yalianza. Shifti inaanza saa mbili, nakuja kuendelea asubuhi.

Mzee wa Mikocheni

Siti ya mbele kabisa. Dada endelea, usituache njiani.

Mtoto wa Eastleigh

Wacha niseme ukweli, huyo Eurydice alikosea. Mume anatafuta riziki kwa kipaji chake, wewe msimu mmoja mbaya tu ushamfuata mwenye pesa. Huku Nairobi tunaona hizo kila siku. Hapo sioni cha kulilia.

Dada wa Muscat

Mtoto wa Eastleigh njaa ushawahi kulala nayo? Si ya kuchelewa kula, naongelea ile ya siku ya tatu. Mimi nina miaka minne Oman, kazi za ndani. Mkataba wangu nilisaini kwenye gari Dar karatasi imeandikwa lugha siijui, nikaambiwa weka hapa na hapa. Hakuna mwanaume mwenye pesa niliyemfuata. Nimeelewa kwa nini dada kalia. Binti wa Ngamiani ukitoka kazini pumzika kwanza, uzi upo tu.

Mwalimu Mstaafu wa Moro

Ahsante binti kwa uzi. Nimefundisha fasihi miaka mingi naomba niongeze kidogo. Katika masimulizi ya kale Eurydice haendi kwa njaa wala kwa mkataba. Anaumwa na nyoka, basi, anakufa. Ndivyo alivyoandika Vergil, mshairi wa Roma ya kale, na Ovid, mshairi mwingine wa Kirumi, naye akaisimulia katika kitabu cha kumi cha Metamorphoses, huko anaumwa kifundo cha mguu akiwa bibi harusi mpya. Orpheus anashuka na kinubi anaimba, na kuzimu kote kunasimama, Sisyphus aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele anakaa juu ya jiwe lake anasikiliza. Hiyo picha ya Sisyphus amekaa naipenda sana.

Kwahiyo kumtoa nyoka na kuweka njaa ni kazi ya mtunzi wa sasa, na kwa maoni yangu ni mkono wa fundi. Nyoka hana hatia na marehemu hana uamuzi, lakini njaa inamfanya mtu achague, na akishachagua watu wanaanza kumlaumu, kama Mtoto wa Eastleigh alivyomlaumu hapo juu.

Na muelewe hadithi hii na muziki ni ndugu wa zamani. Opera, yaani mchezo wa kuimbwa mwanzo mwisho, ya zamani kuliko zote ambayo muziki wake umebaki mzima, ya mwaka 1600 kule Florence, inahusu Eurydice. Ya mtunzi Monteverdi ya 1607 inahusu Orpheus, na mtunzi mwingine, Gluck, akairudia 1762. Miaka mia nne watu wanaimba jambo hili hili moja.

Mwana wa Kibokoni

Assalam aleikum. Uzi mzuri mashallah ila nauliza kwa nia njema, haya mambo ya miungu ya Wayunani sisi watu wa dini tunakwenda kuyatazama na kulipa pesa, haina neno? Siulizi kwa ubaya dada yangu.

Mwalimu Mstaafu wa Moro

Mwana wa Kibokoni, waaleikum salaam. Hakuna mtu anayemwabudu Hades leo, inabaki hadithi. Na Wakristo wenzangu majina hayo wanayasoma kanisani bila kujua. Matendo 14, Paulo na Barnaba wakiwa Listra, watu wakamwita Barnaba Zeu na Paulo wakamwita Herme kwa kuwa ndiye msemaji, na ndiyo kazi ya Hermes kwenye mchezo huo, kusema. Tena palipoandikwa "milango ya kuzimu" kwenye Mathayo 16, neno la Kigiriki hapo ni Hades. Waliotutafsiria walilichukua neno la wahenga wetu, kuzimu, yaani kwa mizimu, wakaliweka mahali pa Hades na likakaa sawasawa.

Mwana wa Kibokoni

Shukran mwalimu, nimefahamu. Naona sasa na hilo la kukatazwa kugeuka nyuma, maana hiyo hadithi mwisho wake naijua. Kwetu nasi tunalo, kisa cha mke wa Nabii Lut, walipokatazwa kugeuka nyuma.

Mkenya wa Jersey

Naingia hapa kwa sababu hii show naipenda kuliko zote. Nimeiona New York, jumba la Walter Kerr, mara mbili. Wacha niwape historia yake kidogo. Mwenye kuitunga ni mama anaitwa Anaïs Mitchell, mwimbaji wa gitaa, ametoka Vermont. Alianza nayo 2006 huko kwao kwa kumbi ndogo na marafiki, 2010 akaitoa kama albamu, 2016 ikapandishwa kwa theatre ndogo New York chini ya mwelekezi Rachel Chavkin, 2017 wakaipeleka Edmonton Canada, 2018 National Theatre London, alafu ndio Broadway, yale majumba makubwa ya New York, Aprili 2019. Miaka kumi na mitatu anaandika na kufuta nyimbo zile zile. Mwaka huo wakateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa za michezo ya Broadway, kumi na nne, na Juni wakatwaa nane, ikiwemo ile kubwa ya musical bora. André De Shields aliyecheza Hermes alipata Tony yake ya kwanza akiwa na miaka 73. Mzee mweusi, suti ya fedha inang'aa, anatembea pole pole hata hatua zake ziko kwa ngoma.

Na ule wimbo wa ukuta, dada sijui kama umeufikia, watu wengi walidhani uliandikwa kwa ajili ya siasa za Trump za ukuta wa mpakani 2016. La. Uko kwa hiyo albamu ya 2010.

Binti wa Ngamiani

Nimerudi, nimelala kidogo. Mkenya wa Jersey asante sana, mimi hizo zote sikuzijua. Na London ilipofunguliwa Februari 2024 hapo Lyric Hermes alikuwa mwanamke, Melanie La Barrie, mzaliwa wa Trinidad, ndio kisa dada wa watu anaipenda hivyo, aliiona mwanzo mwanzo akasikia sauti ya kisiwani jukwaa la London akarudi nyumbani akalia.

Haya niendelee na huo ukuta. Kipindi cha kwanza kinafungwa nao. Hades amesimama juu ya kibaraza, wafanyakazi chini nguo za kazi za ngozi, anawauliza maswali na wao wanajibu kwa pamoja, kwa nini tunajenga ukuta, kuzuia adui, adui ni nani, ni umasikini, na kila jibu linazaa swali jingine mpaka linarudi pale lilipoanza. Mtindo ule ule wa kuitikia kama wa Hermes mwanzo, ila wa Hermes ulikuwa wa kukaribisha na huu ni wa kufungia. Wanajenga ukuta ili wawe na kazi, na kazi yenyewe ni kujenga ukuta. Eurydice naye yupo kwenye mstari sasa. Taa zikawaka mapumziko watu wakaenda kununua aiskrimu mimi nimekaa.

Maana kipindi cha pili wenzake wanamwambia ukweli, hapa ukishasaini hutoki, na kidogo kidogo unasahau, kwanza unasahau ulikotoka na mwisho unasahau jina lako. Sasa anakaa peke yake anajaribu kukumbuka, kuna maua, kuna mtu, alikuwa nani yule.

Dada wa Muscat alichoandika kuhusu karatasi nimekisoma mara tatu. Mimi wakala mmoja, simtaji, alikula hela ya kiwanja cha mume wangu, akatuonyesha mkataba wa masaa 39 kwa wiki. Nimefika Mei 2024 masaa hayapo, wiki nyingine 16, wiki nyingine 20, na kodi ya chumba inasubiri. Na sheria ilishabadilika, kuanzia tarehe 11 Machi mwaka ule ule mfanyakazi wa kea haruhusiwi kuja na mwenza wala mtoto. Miezi miwili tu. Kwahiyo mimi niko huku na yeye yuko Tanga, na nilisaini kwa mkono wangu hakuna aliyenishika. Mtoto wa Eastleigh sijakasirika na wewe, nimekuelewa, lakini binti yule mlaumu taratibu.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya ukuta. Orpheus akagundua mkewe kaenda, akaanza safari. Hapa wakuu ndio niliposema kukaa juu ni bahati. Zile taa za chuma zinazoning'inia, wale wafanyakazi wanazikamata na kuzisukuma zinabembea, jukwaa giza moshi mtupu, zinapita juu ya kichwa chake huku na huku, kila taa ikipita unamwona uso sekunde moja alafu giza, yeye anaimba anamwomba amsubiri. Kutoka juu nilikuwa naona duara la mwanga linasafiri sakafuni kama tochi ya mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Hakuna mashine kubwa hapo. Ni taa, kamba na mikono ya watu. Jumba zima, na limejaa, husikii mtu anakohoa.

Akafika. Akamwimbia Hades ule wimbo wake, na alichofanya si kumwomba mke wake kwanza, alimwimbia Hades habari za Hades mwenyewe, siku alipomwona Persephone akiokota maua, mwanaume mkubwa vile akashindwa hata kusema. Na Hades akacheza na mke wake. Wametoka kutupiana maneno makali, wakashikana wakacheza pole pole hawana uhakika na miguu yao. Hapo nilimpenda mpaka Hades.

Sasa Hades kabanwa. Akiwaachia, wafanyakazi wote watataka kutoka. Akiwakatalia, amemuua kijana wataimba habari zake milele. Ndio akatoa sharti. Nendeni, lakini wewe tangulia na yeye afuate nyuma, njia nzima usigeuke kumwangalia, ukigeuka anarudi.

Wakaondoka. Jukwaa linazunguka chini yao, yeye mbele anatembea, mkewe nyuma, na wale dada watatu wa majaaliwa wanamfuata sikioni, wanamuuliza wewe nani, unadhani mfalme atakupa kirahisi hivyo, una uhakika yupo? Na mkewe yupo! Anaimba kabisa, nipo hapa, nipo nyuma yako. Sisi jumba zima tunamsikia. Yeye hasikii.

Mimi mwisho niliambiwa toka mlangoni. Hermes alisema. Pamoja na hayo nilikuwa nimekamata mkono wa yule dada namwambia kimoyomoyo kijana usigeuke, zimebaki hatua chache, usigeuke, kama vile safari hii inaweza kuwa tofauti.

Akageuka.

Hakuna muziki hapo. Wanaangaliana. Wanaambizana maneno machache tu, basi, alafu binti anazama gizani. Nilisikia pumzi ya watu wote kwa wakati mmoja, na nyuma yangu mwanaume mtu mzima akasema hapana kwa sauti.

Mkenya wa Jersey

Kule Broadway katikati ya jukwaa kuna lifti, anazama nayo polepole mkono uko juu. Mara ya pili nilijua inakuja na bado nilishtuka vile vile. Nimeandika hii nimesimama kwa stage ya basi na nimejaa machozi.

Mzee wa Mikocheni

Swali langu la miaka mingi tangu niisome shule: kwanini aligeuka? Kafika mlangoni kabisa. Mtu kavumilia kuzimu nzima anashindwa hatua tatu? Mi naona huyu kijana ni mdhaifu.

Mwalimu Mstaafu wa Moro

Ovid anasema aligeuka kwa mapenzi, aliogopa mwenzake asije akaishiwa nguvu njiani na alitamani kumwona. Vergil anasema ni wazimu wa ghafla ulimshika. Hawakukubaliana hata wenyewe.

Dada wa Muscat

Mimi ningegeuka.

Mtoto wa Eastleigh

Nimesoma yote. Dada pole na masaa ya kazi, na Dada wa Muscat pole pia, sikujua naongea na wenye yamewapata. Lakini sasa niulize, huyo Eurydice aliambiwa asiongee? Sharti ni la mume asigeuke. Si angemshika shati tu?

Binti wa Ngamiani

Mtoto wa Eastleigh tumeshapoa usijali. Swali lako ndio lile ambalo limenitoa usingizi nami nimelijibu hivi.

Mzee wa Mikocheni, mi siamini alikuwa mdhaifu. Alipokuwa anashuka kuzimu alikuwa peke yake na hakuogopa, alijua mkewe yuko mbele. Kupanda ndio kulimshinda, maana kilichokuwa nyuma yake ni ukimya. Hades hakumwekea mlima wala mbwa wala moto, alimwekea ukimya tu, akajua unatosha. Huyu kijana maisha yake yote ni masikio. Alafu kumbukeni mwanzo, mkewe alimwita kwenye njaa akawa hasikii kwa sababu anaimba. Sasa yeye ndio anataka kusikia na hasikii. Hilo hakuna aliyelisema jukwaani, nimeliunga mwenyewe kwenye treni ya kurudi.

Na hili naliongea kwa kulijua. Mume wangu na mimi kuna wiki nimepiga usiku mfululizo, yeye ananitumia voisi asubuhi mi nimelala, naamka namjibu yeye yuko baharini, hakuna mtandao. Siku tatu nne namna hiyo. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Lakini ukikaa kwenye ule ukimya unaanza kusikia wale dada watatu. Mbona kasoma hajajibu. Mbona sauti yake imepoa. Juzi juzi kabla ya mchezo nilikuwa nimekaa kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Januari, nimeshika simu nataka kumwandikia maneno ya kumchokonoa nione kama bado yupo, yale maneno ambayo ukishayatuma hayarudi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Basi likaja nikapanda sikutuma. Ndio maana yule kijana alipogeuka nilijua shingo yake ilikuwa nzito kiasi gani.

Dada wa Muscat

Usitume kabisa mdogo wangu. Mimi nilituma.

Mwana wa Kibokoni

Allah akufanyieni wepesi nyote wawili. Sasa mchezo uliishia hapo hapo? Watu wakatoka na majonzi?

Binti wa Ngamiani

Dada wa Muscat nimekutumia ujumbe pembeni.

Mwana wa Kibokoni hapana haukuishia hapo. Hermes anabaki jukwaani kimya muda mrefu, alafu anaanza tena kusimulia pole pole, na wale watu wanarudi mmoja mmoja, na Eurydice anaingia na koti lake na mshumaa wake vile vile kama alivyoingia mara ya kwanza, hajakutana na Orpheus bado, Persephone anashuka treni na gauni lake la kijani. Wanaanza upya. Bibi nilikuwa namwambia hadithi ya sungura nirudie, anasema si umeshajua mwisho, namwambia rudia, na kila akirudia mi kuna pale mahali nilikuwa nafumba macho.

Alafu wakainama, watu wakasimama wakapiga makofi, nikaokota mkoba nikidhani tumemaliza, yule dada akanivuta nikae. Wakashika vikombe wote, wakaimba wimbo mmoja mfupi wa kumnyanyulia Orpheus kikombe, popote alipo. Taarifa kwa wanaoogopa kuchelewa treni: msitoke kabla ya huo wimbo. Mimi nilinyanyua chupa yangu ya maji.

Tulivyotoka nje ilikuwa saa nne na nusu usiku, Tanga saa saba na nusu. Nikampigia hivyo hivyo, akapokea kwa usingizi anauliza kuna nini umeumwa? Nikamwambia siumwi, nina hadithi. Nikamsimulia yote nimesimama pembeni ya ngazi za Piccadilly watu wananipita, mpaka sharti, mpaka ukimya, mpaka alivyogeuka, alafu nikamuuliza wewe ungegeuka?

Akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Alafu akasema, mimi ningekwambia kabla hatujaanza safari, ukiwa nyuma huko uwe unakohoa. Mtu mzima akiingia uani kwa watu anakohoa wajue kuna mtu. Haijakatazwa hiyo.

Jana usiku tulikuwa tunaongea nikiwa kwenye brek, mtandao ukakata katikati kama kawaida, nikabaki na simu sikioni. Ilivyorudi, kabla hajasema haloo, akakohoa.